Miaka minne "jipu", "jipu", kumbe jibu walilitupa kwenye ndoo ya taka

Wakuu, nina hasira, mnivumilie. Ni habari ya mzee wangu na ugonjwa unaoitwa maisetoma.

Mzee wangu kakata mkonge huku Muheza tangu ujana. Siku moja mwiba ukamwingia unyayoni, akauchomoa, kazi ikaendelea. Baadaye kikaota kinundu kisichouma. Hapo ndipo tulipoponzeka, maana kisichouma nani akihangaikie?

Zahanati wakasema jipu, sindano. Mguu ukavimba, ukatoboka vitundu vinavyovuja. Mara fangasi za kawaida, tyubu ya kupaka. Mara TB ya mfupa. Jirani akasema kategwa. Jirani simlaumu, hana darubini.

Sasa sikieni. Vile vitundu vilikuwa vinatoa punje nyeusi, ndogo kama pilipili manga iliyotwangwa nusunusu. Mama akazikusanya kwenye gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, akaikunja, akapanda nayo daladala hadi Tanga mjini. Yule bwana wa kliniki hata hakukaa: "Mama, huu uchafu tu, msafisheni." Gozi ikaenda kwenye ndoo. Punje zile ukiziponda kwenye kioo na tone la kemikali ya potasiamu haidroksaidi, darubini hiyohiyo ya kupimia malaria inakuonyesha nyuzi za fangasi! Nyeusi ni fangasi, nyekundu ni bakteria, nyeupe inaweza kuwa chochote kati ya hivyo. Na dawa ni mbingu na ardhi: bakteria wanapigwa antibayotiki, fangasi ni itrakonazoli miezi na miezi, tena mara nyingi na kisu juu.

Mwaka jana ndiyo tukampata daktari wa ngozi aliyeuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?" Swali moja tu! Akaagiza kinyama kikatwe kwa ndani. Kikakatwa, na huko walikokikata wakakitumbukiza chote kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Fomalini inaua fangasi, hakioteshwi tena maabara. Kipande kimoja kilitakiwa kiwekwe kwenye maji safi ya dripu. Mzee akalala kisuni mara ya pili.

Hiyo ndiyo maisetoma. Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2016 kwenye magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Jina limetutosha kabisa.

Eksirei inaonyesha mfupa umeshaliwa, na neno "kukata mguu" limeanza kutajwa. Kuna mdau aliyewahi kupeleka malalamiko ya hivi baraza la madaktari? Naanzia wapi? Punje nyingine tunazo, safari hii mama kazifungia kwenye kopo na hampi mtu.