Volteji ya shafti na mkondo wa ethi: tupime kwa vipindi au tufunge kipimo cha kudumu?

FundiKiboriloni (Moshi)
Habari za jioni wakuu. Mota ya kilowati 75 inayoendesha feni la kuvuta vumbi kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa, ambayo tuliifungia inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) mwaka jana, imekula beringi 2 ndani ya miezi 9. Ile ya pili niliikata kwa grainda: grisi ilikuwa nyeusi kama masizi, na njia ya gololi ilikuwa imechongeka mistari iliyopangana kama migongo ya bati la kuezekea. Nilipima kati ya shafti na bodi ya mota kwa mita ya kawaida, nikapata chini ya volti 1. Sasa nachagua kati ya beringi yenye kihami (isiyopitisha umeme), brashi ya ethi (inayogusa shafti na kupeleka umeme ardhini) pamoja na ukaguzi wa kila baada ya muda, au kipimo cha kudumu cha volteji na mkondo. Bajeti inaruhusu njia moja tu.

Njiro_Umeme (Arusha)
Pole, mkuu. Mistari hiyo ni alama ya umeme kupita kwenye beringi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15243, kinachopanga aina za uharibifu wa beringi, kinaiweka katika kundi la mmomonyoko wa umeme. Mita yako haikudanganya kwa makusudi, bali haina uwezo wa kuona kilichopo: inveta hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na volteji inayojikusanya kwenye shafti hupanda kisha huanguka ghafla kwa muda mfupi sana, pale inapopasua utando wa grisi. Kiwango cha Marekani cha mota na jenereta, NEMA MG 1, kinataja vilele vinavyoweza kufika volti 10 hadi 40 kwa mota za inveta. Tumia osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme) na ncha ya nyuzi za kaboni inayogusa shafti, mota ikiwa imeshapata moto na iko kwenye kasi yake ya kawaida, kwa sababu ikienda polepole gololi zinaweza kugusana na chuma moja kwa moja, nawe ukapata volteji ndogo ukadhani mambo ni salama. Ukiona mteremko wa wima baada ya kila mpando, hiyo ndiyo cheche yenyewe. Na tafadhali usisogee karibu na shafti ukiwa na mikono mirefu ya shati.

Mzee_wa_Usa
Kwangu, kwenye pampu ya umwagiliaji, niliongeza nondo ya ethi, nikamwaga chumvi na mkaa, lakini beringi iliendelea kufa vilevile.

Njiro_Umeme (Arusha)
Shikamoo mzee. Nondo hiyo inasaidia usalama wa watu, wala usiing'oe, ila mkondo huu wa masafa ya juu hautafuti udongo; unatafuta njia ya kurudi kwenye inveta. Kinachohitajika ni kebo yenye ngao iliyobanwa mzunguko mzima kwenye ncha zote mbili, na utepe mpana wa shaba uliosukwa kutoka bodi ya mota.

Mvuke_na_Shafti
Nimefanya kazi miaka mingi kwenye jenereta za mvuke, kwa hiyo nitasema kuhusu kipimo cha kudumu, maana wengi hukifunga bila kujua namna ya kukisoma. Huko tunaweka brashi 2: moja inapeleka mkondo ardhini kupitia rezista ndogo, nyingine inapima volteji tu. Mvuke wenye unyevu huchaji shafti kwa umeme tuli, na sumaku iliyobaki kwenye chuma, au stata (sehemu ya jenereta isiyozunguka) isiyolingana pande zote, huongeza yake. Namba moja peke yake haina maana.

FundiKiboriloni (Moshi)
Kwa hiyo mkondo wa ethi ukishuka, nishukuru?

Mvuke_na_Shafti
Hapana ndugu yangu, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mkondo ukishuka huku volteji ikipanda, brashi imechafuka au imeisha, na umeme sasa unatafuta beringi. Volteji ikishuka pamoja na mkondo wa brashi, kagua kama shafti imepata njia nyingine ya kwenda ardhini, kwa mfano kihami cha beringi kilichoharibika. Vyote viwili vikipanda, chanzo chenyewe kimekua. Tafuta sehemu inayosuguana au chuma kilichoshika sumaku. Kwa jenereta kubwa gharama ya kifaa hicho inalipa. Kwa mota yako ya kilowati 75, nisingekinunua.

Njiro_Umeme (Arusha)
Nakubaliana naye. Beringi ya kihami upande mmoja hukata mkondo unaozunguka ndani ya mota, lakini haizuii cheche za upande wa pili. Na ukiweka kihami pande zote, volteji inaweza kupita kwenye kapulingi (kiungo cha shafti ya mota na ya feni) na kuhamia beringi za feni. Funga pete ya ethi ya nyuzi (inafanya kazi kama brashi, ila inaizunguka shafti) upande wa mzigo, rekebisha kebo ya inveta kama nilivyomweleza mzee, kisha pima kabla na baada. Vumbi la maganda ya kahawa litaishambulia pete hiyo, kwa hiyo ifunikie kinga na uipime tena kila mnapoongeza grisi.

FundiKiboriloni (Moshi)
Asanteni sana. Kapulingi ni ya chuma, kwa hiyo nimeelewa hatari ya beringi za feni. Osiloskopu nitaazima Arusha. Nitapima mota ikiwa imefanya kazi saa 2, kisha niweke picha ya mawimbi hapa kabla sijafungua chochote.