Wametung'olea mabati tukiwa ndani, halafu wanasema jengo ndilo bovu

Jamani, naandika mikono ikinitetemeka.

Leo saa moja asubuhi vijana sita wamepanda juu ya jengo letu hapa Old Kampala wakaanza kung'oa mabati. Watu tumo ndani! Chai iko jikoni, watoto wanavaa sare za shule. Nikatoka barazani kuuliza nani kawatuma. Mmoja akanijibu, "Bosi kasema jengo bovu, hameni." Amri ya mahakama hana. Hata barua ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, hana.

Jengo bovu! Nani kalifanya bovu? Nyuma kuna bomba la kuteremsha maji ya mvua. Lilipasuka Machi mwaka jana, pale linapokunja kona ghorofa ya pili. Fundi alitaka shilingi 180,000 pamoja na vifaa. Wapangaji tukasema tutachanga, tukatiwe kwenye kodi. Mwenye jengo akatukataza kugusa. Tangu hapo maji yanapita ukutani. Plasta ya chumba cha jirani yetu Hajati imevimba kama andazi, ukiibonyeza kidole kinazama. Barua tatu nimepeleka ofisini kwake kwa mkono wangu mwenyewe, kimya. Mwezi uliopita akaja mtu amevaa kofia ya ujenzi, akazunguka nje dakika kumi, ngazi hakupanda, akaandika kwamba jengo ni hatari kwa maisha ya watu.

Kabla ya hapo walijaribu kutusukuma kwa kodi: kutoka 600,000 hadi 950,000 kwa mpigo mmoja. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inasema nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Kwetu hiyo ni 660,000. Tulipowaonyesha kifungu, ndipo habari ya ubovu ikaanza. Na sheria hiyo hiyo inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Kumfunulia mtu paa si kumtoa?

Kwa wasiolijua, ni jengo la ghorofa mbili, chini maduka, juu watu wanaishi. Juu kabisa upande wa barabarani wamechonga kwa saruji 1938 na jina la ukoo wa Kihindi, kama yale utakayoyaona Jinja, Main Street. Kuta nene, dari iko juu, kila mlango una matundu ya hewa, jua la Februari huhitaji feni. Ngazi ni za teraso. Mkono wa ngazi ni wa mvule, umelainika kwa viganja vya watu mpaka unateleza kama sabuni. Mwanangu alijifunza kupanda ngazi kwa kuushika huo.

Mwaka 1972 Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, jengo likaangukia mikononi mwa serikali, chini ya bodi ya mali za Waasia walioondoka. Hajati aliingia humu 1975 akiwa bibi harusi. Miaka ya 90 likarudishwa kwa familia, familia ikauza, aliyenunua akauza tena. Limevuka vita vya 1979, limevuka miaka ambayo hakuna aliyekuwa na hela ya rangi. Leo linakufa kwa sababu mtu anataka akedi nyingine, jengo la maduka madogo madogo, vibanda ambavyo mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili.

Msiniambie mali ni yake. Ni yake, sikatai. Akitaka tuhame aende mahakamani, atupe notisi, tutafunga virago. Ila asiliozeshe jengo kwa makusudi kisha alisingizie uzee!

Ofisi ya jiji nimepiga simu mara nne, naambiwa afisa hayupo. Polisi wamesema hilo ni jambo la mwenye nyumba na wapangaji wake.

Saa tisa mvua ikaanza. Hajati tumemhamishia kwangu, upande ambao mabati bado yapo. Picha yake ya harusi imelowa, nimeilaza juu ya kabati ikauke. Vijana wameaga kwamba kesho wanarudi kumalizia.

Aliyewahi kupata zuio la mahakama kwa haraka, tafadhali aniambie usiku huu: alianzia mahakama gani, na alibeba karatasi zipi? Risiti zangu za kodi ninazo zote tangu 2009, na barua ya tatu nimeipiga picha ikiwa na mhuri wao wa kupokelewa.