Naomba ushauri: UPS ya VA 650 au ya VA 1500 kwa kompyuta ya nyumbani, Bukavu

Mpigachapa_Kadutu: Nawasalimu nyote. Nyumbani nina kompyuta ya mezani ninayopigia chapa tasnifu za wanafunzi, na umeme ukikatika katikati ya ukurasa ninapoteza kazi ya mtu aliyekwisha kunilipa. UPS yangu ya VA 650, kile kisanduku chenye betri kinachoshika kompyuta umeme ukikatika, ilikuwa ikinishikia saa 4 nzima, lakini tangu juma lililopita inalia mfululizo wala haifikishi saa moja. Je, ninunue ya VA 1500? Usingizi umenipaa.

Mama_Panzi: Pole, mwanangu. Mimi nilipoteza hesabu za duka za miezi 3 siku umeme uliporudi kwa nguvu na kuunguza diski. Tangu hapo ninahifadhi kazi kwenye flashi 2, moja kwangu, nyingine kwa dada yangu. Anza na hilo, UPS itafuata.

Fundi_Nguba: Ndugu, VA (volti-ampea) hazipimi muda, zinapima mzigo, yaani umeme ambao vyombo vinaweza kuvuta kwa mara moja. Muda hutoka kwenye betri, na UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kabla ya kutoa zinazopotea njiani. Kompyuta yenye skrini inayokula wati 120 itapata dakika 20 hivi, betri ikiwa mpya: muda wa kuhifadhi kazi na kuzima, basi.

Msomaji_Bagira: Ndiyo maana siamini kisa hiki. Saa 4 kwa betri ya ampea-saa 7? Huyu ametunga, na huenda kesho akatuwekea bei za UPS anazouza.

Mpigachapa_Kadutu: Yaya, siuzi kitu. Betri ya ndani ilikufa mwaka jana, nami nikavuta nyaya 2 kwa nyuma na kuziunga kwenye betri ya gari ya ampea-saa 70. Sikusema kwa kuwa nilijua mngenikemea. Lakini imenisaidia mwaka mzima kwa gharama ndogo kuliko UPS mpya, na nimekwisha kutoa avansi ya betri ya pili ya gari.

Msomaji_Bagira: Kwa ampea-saa 70, hesabu inakubali. Naomba radhi.

Fundi_Nguba: Betri hiyo iko wapi, na inanuka?

Mpigachapa_Kadutu: Iko chini ya meza, chumba wanacholala watoto. Inanuka kama yai viza, na ubavu mmoja umevimba kidogo. Nilidhani ni unyevu wa mvua.

Fundi_Nguba: Fungua madirisha, watoto walale kwingine, usiwashe kiberiti humo. Zima UPS, ichomoe ukutani, na usiguse koleo za betri mpaka harufu iishe, kwa sababu cheche moja inatosha kulipua gesi ya hidrojeni. Betri ya gari imeundwa kusukuma injini kwa sekunde chache. Ukiikausha kila siku, seli hufa, chaja huendelea kuijaza, nayo huchemka. UPS ndogo nayo haikuundwa kufanya kazi saa 4, hupata moto ndani. Ukitaka saa hizo, tafuta inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, yenye chaja yake na betri ya sola.

Mama_Panzi: Mwanangu, ungeuliza mapema. Betri ya pili hujaichukua, kwa hiyo mwombe muuzaji ahamishie avansi kwenye kitu kingine.

Mpigachapa_Kadutu: Nimechomoa, na watoto wamekwenda kwa bibi yao. Avansi yangu siwezi kuitupa, lakini kesho nitamwuliza kama ana ile ndogo ya ampea-saa 7. Printa ya leza niiache kwenye UPS?

Fundi_Nguba: Hapana. Inapojipasha joto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na UPS yako itazimika pamoja na tasnifu. Ichomeke ukutani.