Mgonjwa wa TB kaacha dawa kisa mkojo mwekundu, nimekosea wapi?

nesi_wa_visiwani:
Mwangaluka wakuu. Mimi nesi, sina hata mwaka kazini, nipo zahanati moja visiwani huku upande wa Sengerema. Juzi kaja kaka mmoja mvuvi wa dagaa, tulimwanzishia dawa za TB kama siku kumi hivi nyuma, kaja na chupa ya maji ndani kuna mkojo, kaiweka mezani ananiambia sista ona, dawa zenu zimenipasua figo. Rangi Fanta kabisa. Kumbe alivyoona vile siku ya tatu tu akaacha, mwenzake wa mtumbwini kamwambia hicho kichocho akatafute mizizi. Nilijisikia vibaya maana siku ile foleni ilikuwa ndefu nikamwambia tu "vinne kila siku, usiruke, pombe hapana" basi, habari ya mkojo sikuigusa. Nimempigia mratibu wa TB, kamrudisha kwenye dozi na siku alizoruka atazifidia. Nyie huwa mnawaelezaje hizi dawa mtu asikimbie?

mama_igoma:
Pole mdogo wangu, wengi tumepita hapo. Kwenye hivyo vidonge yenye rangi ni rifampisini, inatokea kwenye mkojo, jasho, mpaka machozi, na haina shida. Ila mwambie KABLA hajatoka mlangoni, mimi huwa nasema kesho ukikojoa utaona chungwa, usishtuke, ni dawa hiyo. Halafu usimuulize "umeelewa?" atakujibu ndiyo sista na akili iko kwenye mtumbwi. Muulize "mkeo akiuona huo mkojo utamwambiaje?" hapo utajua kama kashika au la.
Ila pia usimtulize mpaka akalala usingizi. Kuna mkojo mwingine, ule wa Coca-Cola, unakuja na macho ya njano, kichefuchefu, kutapika, chakula hakipiti, hilo ni ini, dawa asimamishe aje siku hiyohiyo asingoje tarehe ya kliniki. Kwa hiyo mfundishe kuangalia weupe wa macho kwenye kioo. Akianza kuona ukungu au nyekundu na kijani zinamchanganya, ni ethambutoli, dawa nyingine humohumo kwenye vidonge, naye aje haraka. Miguu kuwaka moto au ganzi ni isoniazidi, nayo imo humo, hapo kuna vitamini B6. Na gongo ulivyomkataza ni sawa ila mwambie kwa nini, ini lile lile linabeba mizigo miwili.

giza_la_dagaa:
Mimi sio nesi ni mvuvi, nilimaliza miezi yangu 6 nikapona. Masista mnapenda kusema "asubuhi kabla ya kula" sasa asubuhi ipi? Usiku wa giza sisi tuko ziwani na taa, tunatoka kumekucha, tunaanika, tunalala saa nne. Mimi vidonge nilikuwa nakunywa nikishuka tu mtumbwini kabla sijagusa chai. Na siku nilizosahau ni zile za mbalamwezi, hatuendi ziwani, mtu unaamka hujui hata saa ngapi. Halafu dagaa wakihama na sisi tunahama mwalo (pale tunaposhushia dagaa), mwambieni mapema kwamba akihama apewe barua akaendelee huko, mimi nilidhani nikiondoka nimefutwa.

CO_mstaafu:
Huyu mvuvi kasema kuliko semina zote nilizokaa. Naongeza mawili. Hiyo rifampisini inalifanya ini lisage dawa nyingine haraka. Huku ziwani watu wanapita na ule ubao wa kupima urefu ili kujua dozi, wanagawa dawa ya kichocho, prazikwanteli, mgonjwa wa TB aseme yuko kwenye dozi, maana prazikwanteli ikikutana na rifampisini inabaki kidogo sana kwenye damu, haifanyi kazi, kichocho chake kitapangiwa baadaye. La pili kina mama: vidonge vya uzazi wa mpango na kijiti cha mkononi vinapungua nguvu, mimba inaingia, ila sindano ya miezi 3 haina tatizo hilo. Hili manesi wengi wanalisahau kwa sababu dirisha la TB na la uzazi wa mpango ni milango tofauti.

nesi_wa_visiwani:
Asanteni sana, kwanza ile ya mbalamwezi sikuwahi kuiwaza. Ila CO umenitoa jasho, kuna dada wa mama ntilie hapa mwaloni yuko mwezi wa pili wa dozi na kijiti nimemwekea mimi mwenyewe. Ngoja nimpigie.