Mimi sheha ananidai mashahidi wawili, mwekezaji kadaiwa nini?

Assalaam alaykum jamani. Leo nimeungua roho, anayetaka maneno ya asali apite uzi mwengine.

Kwetu ni Kusini Unguja, kijiji sikitaji. Kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi kimepotea, nikenda kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa shehia yetu, kutaka barua. Kwa kuwa nilikaa Mombasa miaka minne nikitafuta riziki, naambiwa nilete mashahidi wawili wa kunitambua. Sheha huyu nimesoma skuli moja na mdogo wake! Akaniuliza na babu yangu asili yake wapi.

Nikatoka hapo nimenuna, nikashuka pwani nimtazame mama kwenye mwani. Njia yetu ya tangu utoto imezibwa. Ukuta wa hoteli. Mlinzi ananiuliza nakwenda kwa nani. Kwa nani? Nakwenda baharini, bwana! Mama na wenzake siku hizi wanauzunguka ule ukuta na magunia ya mwani mbichi kichwani, maji yanawachuruzika mpaka miguuni, na ukishakauka anayepanga bei ni mnunuzi.

Kila uchaguzi jukwaani wimbo ni ule ule: nani Mzanzibari hasa, nani Mpemba, nani Mbara, nani mjukuu wa Hizbu, kile chama cha kabla ya Mapinduzi. Mwaka 2010 tulipiga kura ya maoni, asilimia 66 tukakubali serikali ya umoja, na Katiba ikarekebishwa ikasema Zanzibar ni nchi. Nilishangilia mpaka sauti ikanikauka. Haya, nchi ndiyo hii? Walioshika bendera ya Uzanzibari mchana ndio hao hao wanaotia saini mikataba ya fukwe. Eti ardhi haiuzwi, ni ya umma, mwekezaji anakodishwa tu. Anakodishwa mpaka wajukuu zangu wazeeke!

Na asije mtu hapa akaniambia nachukia wageni. Karafuu zenyewe zililetwa na jahazi. Mwani huu wa biashara ulianza 1989 kwa mbegu za Ufilipino, na unaishia kwenye dawa za meno za watu huko Ulaya. Kisiwa kinaishi kwa kuja na kwenda. Mwaka 2024 wamekuja watalii zaidi ya 700,000, na sisi wenyewe kwa sensa ya 2022 hatufiki milioni mbili. Waje. Lakini wanaofunguliwa mlango ni wao, sisi tunabaki kukaguliwa ukoo.

Na sie tuna letu, tusijifanye. Hoteli zilipoanza, wazee wetu walisema kazi ile ina haramu, vijana tukakaa barazani kucheza bao. Watu wa Bara na Wakenya wakaja wakijua kazi na lugha, wakaajiriwa. Leo tunawatukana wao badala ya kuuliza kwa nini kijiji chenye hoteli kibao hakina hata darasa moja la kumfundisha kijana upishi. Mwanasiasa anafurahi sana tukigombana na mpishi kutoka Tanga, maana hapo hatumuulizi yeye kuhusu ukuta.

Mwenye kuijua sheria aniambie: ukuta unatakiwa uwe mita ngapi kutoka maji yanapojaa, na njia ya wanakijiji nani mwenye haki ya kuifunga? Jumatatu narudi kwa sheha. Mama kanambia nimchukue yule mlinzi awe shahidi, maana ndiye anayetuona kila siku.