KIKOMBE CHA CHAI JUU YA DUMBAK! Huyu mtu sasa kavuka mpaka

Mkono Mwepesi (mleta mada)

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira.

Yule yule mwalimu wangu wa Jumamosi. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayedai kila mpiga dumbak (ile ngoma ya kiuno chembamba inayolazwa mapajani) wa Unguja kapita mkononi mwake, mpaka kunguru wa Darajani. Leo hii, saa moja haijapita, kanipokonya dumbak mapajani, kaisimamisha mkekani, halafu KAWEKA KIKOMBE CHA CHAI JUU YAKE. Chai ya moto, mvuke unapanda! Akawageukia wapiga fidla: "Mkono huu kaupata wapi, kwa fundi magodoro?" Akordioni likacheka. Nasema akordioni lenyewe, si mpigaji.

Na kosa ni nini? Kidole. Kwa mwalimu wa Jumatano, tak (lile pigo kali la ukingoni) ya mkono wa kulia ni kidole cha shahada, maana kina nguvu na mwanafunzi hupata sauti kali siku ile ile. Kwa huyu wa Jumamosi, shahada ni ya kuswalia tu. Anataka kidole cha pete: kifundo cha mkono kinazunguka kama unafungua kitasa, ncha inagusa ukingo na kukimbia. Wa tatu anafundisha kwa simu, mkono wa Kituruki, yeye hata hapigi, anabetua vidole kama anafukuza nzi. Nina vidole kumi na kila kimoja kina mwajiri wake.

Bado majina ya midundo. Wa Jumatano anasema "masmudi ndogo". Wa Jumamosi anasema "baladi". Zihesabuni kwa nane, dum ndilo pigo zito: dum, dum, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Hiyo ya Jumatano. Sasa ya Jumamosi: dum, dum, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Nikauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, hivi si kitu kimoja?"

Jibu likawa kikombe.

Kikombe, wakuu. Na kisahani chake.

Kaa Kimya Upigwe

Kabla hatujahukumu: chai ya rangi au ya maziwa?

Skrubu Sita

Hilo la maziwa acha, swali la maana ni ngozi. Mleta mada, ngozi ya mbuzi au ya plastiki?

Mkono Mwepesi

Plastiki. Lakini heshima yangu si ya plastiki!

Skrubu Sita

Basi hakuna kesi. Plastiki haisikii chai, futa kwa kitambaa endelea na maisha. Ingekuwa mbuzi ningekuja mwenyewe na shahidi, maana mvuke ukiingia pale kati ngozi inalegea duara dogo, na dum inapoteza tumbo. Siku mbili unapiga unasikia "bu, bu".

Bi Rika

Mleta mada una hasira lakini umeeleza nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuletea kikombe.

Kidole cha shahada si haramu. Kina faida moja: sauti inatoka haraka. Hasara yake huioni mpaka mwendo upande. Ukipiga tak kwa shahada, mkono unasimama, kiganja kinaangalia chini, na ili urudi kwenye dum lazima uvute mkono mzima mbele. Kwa kidole cha pete mkono umeshalala ubavu, dum iko jirani, unazungusha tu. Ndiyo maana mkono wa Kimisri umejengwa juu ya kidole cha pete, kulia kwa tak na kushoto kwa ka, yaani tak ya mkono wa kushoto. Hapo mwendo ukifika mapigo 120 kwa dakika na unajaza kila nafasi kwa ka, mwenye shahada anaanza kutoa jasho, mwenye pete anakunywa chai.

(Samahani kwa kutaja chai.)

Sasa jipime bila kumuuliza mwalimu yeyote. Piga dum moja uache. Umesikia "m" ikibaki hewani? Kama imekatika, vidole vimekaa juu ya ngozi badala ya kuruka. Kama iko nyembamba, umepiga karibu mno na ukingo. Vidole vikiwa pamoja vishuke kama theluthi ya njia kuelekea kati. Piga tak. Ikiwa na unene wa dum ndani yake, kidole kimeingia sana, ni ncha tu inayotakiwa kutua pale ukingoni. Piga ka. Ikiwa ndogo kuliko tak, na kwa wanafunzi wengi ni ndogo, kifundo cha kushoto umekigandisha kwenye bati. Mkono wa kushoto unalala juu ya dumbak ili kuituliza, lakini kifundo lazima kipumue, kinyanyuke kidogo kila pigo.

Wa Kituruki muache kwanza. Kubetua kunataka dumbak yenye ukingo mkali ulio wazi. Yetu hizi za Kimisri zina ukingo wa mviringo, unabetua kidole kinateleza. Si kwamba huna kipaji.

Fundi Magodoro

Nimetajwa?

Kaa Kimya Upigwe

😂😂😂 uzi umepata mwenyewe

Fundi Magodoro

Tena nimechukia. Kupiga sufi kunataka mkono sawa kulia na kushoto, ukibagua mkono mmoja godoro linakuwa na bonde. Huyo mwanafunzi ka yake ni ndogo. Kwangu hapati kazi.

Mkono Mwepesi

Jamani turudi kwenye mada. Kikombe KILIKAA dakika nne. Alikuwa anakunywa na kukirudisha! Anakunywa, anakirudisha!

Mzee wa Bashrafu

Ahlan. Kuhusu majina, wote wawili wako sawa na mwanafunzi hana kosa kuuliza, ila kauliza kwa sauti kubwa mbele ya fidla. Masmudi ndogo ina mapigo manne (zile nane za mleta mada ni nusu nusu zake), na wengi wanaiita baladi. Masmudi kubwa ina mapigo nane, nayo hakuna anayeiita baladi. Mwalimu akikwambia "masmudi" bila ndogo wala kubwa, hapo ndipo uulize.

Ugomvi wa kweli uko hapa: baladi, maksum na saidi ni ndugu wa tumbo moja, na walimu wengi wanazifundisha siku moja. Maksum inaanza dum tak. Baladi inaanza dum dum. Saidi inaanza dum tak kisha inaweka dum mbili katikati: dum, tak, kimya, dum, dum, kimya, tak, kimya. Zote zinaishia tak ile ile ya saba. Mwanafunzi aliyezipata kwa walimu wawili tofauti huanza saidi na kumalizia maksum, na hajui amevuka wapi. Dawa yake kuzitamka kwa mdomo kabla mkono haujagusa kitu. Mdomo ukikosea, mkono hauwezi kupatia.

Mimi malalamiko yangu mengine. Vijana wanakuja kundini wanataka kujaza, kutetemesha vidole, mbwembwe, lakini kwenye samai wanapotea. Samai ni mdundo wa hesabu kumi: dum kwenye moja, tak kwenye nne, dum kwenye sita, dum kwenye saba, tak kwenye nane, kisha mbili za kimya. Zile mbili za mwisho ndizo zinazowashinda. Wanaona kimya kirefu, wanaingia tisa kama mgeni asiyebisha hodi. Usiku wa taarab unafunguliwa na bashrafu, ala tupu, hakuna mwimbaji wa kukufichia aibu. Kundi la taarab la Ikhwani Safaa lipo tangu 1905, na nina hakika tangu 1905 kuna mtu anaingia kwenye tisa.

Chapuo la Mombasa

Nyinyi watu wa visiwani mna raha, mnagombana na kidole. Huku mtu anakuja na dumbak yake ya bati na hesabu ya nne kutoka kwa mwalimu wa taarab, anataka kupiga chakacha. Chakacha inahesabiwa sita! Moja mbili tatu, nne tano sita, na kiuno kinaisikia mbili huku mkono unaisikia tatu kwa wakati mmoja. Ukimlazimisha huyo wa hesabu ya nne, anakuja mbio kama gari lililokatika breki, au anaburuta mpaka kina mama wanakaa chini. Na ukimsahihisha anasema "mwalimu wangu hakunifundisha hivi." Mwalimu wako hajawahi kuchezewa chakacha mwanangu.

Mpiga Djembe wa Sinza

Afadhali nyie. Huku Dar kila mwenye djembe ni mwalimu. Djembe, ile ngoma ya Afrika Magharibi, si jembe, ingawa wengine wanalipiga kama wanalima. Djembe ina sauti tatu: besi kwa kiganja kizima katikati, toni kwa vidole vilivyofungana huku mwanzo wa vidole ukigonga ukingo, na kofi kwa vidole vilivyolegea. Mwalimu wa kwanza anasema kofi ni nguvu. Hapana. Kofi ni ulegevu, ncha za vidole zinatua na kuchanua zenyewe. Ukikaza unapata toni yenye maumivu na vidole vinavimba.

Halafu mtu huyo huyo anahamia dumbak na mikono ya djembe. Kiganja kizima juu ya ngozi nyembamba ya plastiki, paa! Dum yake ina "du" haina "m". Nadhani mleta mada kapitia huku. Fundi magodoro kasingiziwa.

Fundi Magodoro

Asante kaka.

Mkono Mwepesi

Sijapitia djembe!!! Na kikombe hamkizungumzi tena?

Dada Kidumbak

Mleta mada, chai na ngoma si wageni. Sanduku letu la kidumbak, lile la mti na uzi linalotoa besi, kwa asili ni sanduku la chai. Kwa hiyo mwalimu alikuwa anarudisha mambo kwenye asili.

Tukiwa hapo, nina langu. Kidumbak ni ngoma mbili ndogo, moja inashika njia haitoki, nyingine inasema juu yake. Kila mwanafunzi anataka ile inayosema. Hakuna hata mmoja anayekaa mwezi mzima kwenye inayoshika njia, na bila hiyo mkwasa (vijiti vya kugonga) na cherewa (za kutikisa) zinahangaika, fidla inakimbia, harusi inaharibika. Na sauti zake lazima zipishane, moja juu moja chini. Mnazipasha moto zote mbili sawasawa mpaka zinalia sauti moja, halafu mnauliza mbona hazisikiki.

Ngozi Kavu

Sasa tumefika kwenye jambo la maana. Nani anawafundisha kupasha ngozi juu ya moto mkali? Makaa yawe mekundu bila ulimi wa moto. Weka mkono wako kati ya ngozi na jiko. Mkono ukishindwa kukaa, ngozi nayo imeshindwa. Izungushe, usiisimamishe, gonga kila baada ya muda usikilize. Ikianza kulia kama kioo toa, maana itaendelea kupanda kidogo baada ya kuitoa. Masika ikiingia, ngozi inakunywa unyevu, wimbo wa tatu tu imelala tena, kwa hiyo jiko likae jirani. Wamisri wao huweka balbu ndogo ndani ya dumbak. Sawa pia, wenye umeme.

Na mnaowamba wenyewe: loweka ngozi usiku kucha, ivute ikiwa mbichi lakini usiikaze mpaka mwisho, kwa sababu ikikauka inajivuta yenyewe. Uliyoikaza sana itachanika kwenye mshono. Kausha kivulini. Juani inakauka juu, ndani mbichi, halafu inapinda.

Skrubu Sita

Ndiyo maana nasema plastiki. Skrubu sita, kaza moja kisha ile inayoitazama upande wa pili, robo ya mzunguko kila moja, usifuatane kama unafunga tairi kwa haraka. Ukifuatanisha, ngozi inakaa upande na tak inalia tofauti kila ukingo.

Ngozi Kavu

Plastiki haina damu. Sikiliza dum ya mbuzi halafu urudi.

Skrubu Sita

Dum ya mbuzi mwezi wa nne? Nitasubiri mpaka ikauke.

Mkono Mwepesi

Wasimamizi, naomba uzi urudi kwenye KIKOMBE. Kilikuwa na kisahani! Nani anaweka kisahani juu ya dumbak ya mtu?

Bi Rika

Mwanangu, miezi mitatu ya mwanzo shika mkono wa mwalimu mmoja, chagua yupi mwenyewe, na kwa wengine chukua midundo tu. Ukienda kwa wa Jumamosi usipeleke habari za Jumatano. Na pete vua kabla ya kukaa, inakwaruza ukingo.

Kaa Kimya Upigwe

Kisahani kinaonesha alikuwa na ustaarabu. Angeweka kikombe bila kisahani, duara lingebaki.

Mgeni wa Chuini

Samahani kutoka nje ya mada, dumbak yangu nimepoteza funguo ya skrubu. Ni namba ngapi?

Skrubu Sita

Jaribu 5 kwanza, ikicheza chukua 6. Isiwe inayocheza, itakula kichwa cha skrubu.

Mgeni wa Chuini

Shukran. Na hiyo ya mbuzi inapatikana wapi?

Ngozi Kavu

Njoo inbox.