Mama ana mtoto wa jicho, plateleti 62. Apasuliwe au tumwache?

Binti wa Nansio:
Habari za jioni wakuu. Mama ana miaka 67, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia mboni imekuwa nyeupe kama tui. Noti anazijua kwa kuzipapasa, na juzi alimtilia mgeni chumvi kwenye chai. Tulipangiwa upasuaji Mwanza, tukavuka na meli, tukalala kwa ndugu. Asubuhi daktari akaangalia majibu ya damu: plateleti, zile chembe za kugandisha damu, ni 62, na kawaida inaanzia 150. Akasema turudi, anaweza kuvuja damu. Hakueleza zaidi, foleni ilikuwa ndefu.

Mama hatoki damu fizi, hana mabaka mwilini. Ila bandama yake ni kubwa tangu zamani. Amefulia ziwani maisha yake yote na kichocho ametibiwa mara mbili. Dada yangu anasema tumwache, afadhali mama asiyeona kuliko kumzika. Mimi roho haikubali. Jicho kweli linaweza kuvuja damu kiasi hicho?

Nesi Macho:
Pole mdogo wangu. Mimi si daktari, ila nimesimama chumba cha upasuaji wa macho miaka 11. Konea, kile kioo cha mbele, haina mishipa ya damu. Daktari akiingilia hapo kwa mashine, tundu halifiki milimita 3, na mara nyingi tunamaliza pamba ikiwa nyeupe. Mtoto wa jicho aliyekomaa kama wa mama mara nyingi hutolewa kwa mkono, kwa njia ya milimita 6 hivi kwenye weupe wa jicho. Hapo damu hutoka, lakini unaiona na unaizuia.

Ninachoogopa mimi ni sindano ya ganzi. Ile inayopita pembeni kwenda nyuma ya jicho, ikitoboa mshipa, damu inajaa huko nyuma usikoona. Jicho linasukumwa mbele, linakuwa gumu kama jiwe, na mshipa wa fahamu wa kuonea unakabwa. Kwa hiyo usiulize tu "atapasuliwa?" Uliza "ganzi gani?" Kuna ya matone, na kuna ya mrija butu unaopitishwa chini ya utando wa jicho.

Fundi Darubini:
Hiyo 62 ni ya mashine, au kuna mtu aliangalia kwa darubini? Kwenye kichupa cha kizibo cha zambarau, damu ya watu wengine plateleti zake hushikana mafungu na mashine inazipunja. Warudie kwa kichupa cha kizibo cha buluu.

Ingawa kwa bandama hiyo nahisi namba ni ya kweli: inazifungia ndani. Ndiyo maana hata kumwongezea plateleti kunaweza kusaidia kidogo tu, zinaishia hukohuko. Na kama kichocho kimeshagusa ini, plateleti peke yake hazitoshi kusema chochote. Omba na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda.

Baba Jose:
Mjomba wangu alikuwa na 48, akafanyiwa mtoto wa jicho kwa matone, jioni anakula ugali. Mwaka uliofuata alihitaji upasuaji wa retina, wakagoma mpaka zifike 100. Nenda tu dada!

Nesi Macho:
Baba Jose, 48 ya mjomba si 62 ya mama. Tatizo lake hatulijui, wala ini lake. Ila hapo kwenye retina umesema kweli, nyuma ya jicho kuna mishipa mingi na damu kidogo tu huko inaharibu. Binti, mama anameza dawa gani?

Binti wa Nansio:
Narudi na majibu baada ya wiki mbili. Darubini: 71, hazijashikana. INR 1.3. Daktari wa damu ameandika barua kwamba hana pingamizi. Wa macho amekubali, jicho la kulia peke yake kwanza, ganzi ya mrija butu, na presha ipimwe asubuhi hiyohiyo.

Nesi, swali lako limenifungua macho. Nilimjibu daktari kwamba mama hamezi kitu, mama akacheka, akafungua pindo la kanga: diklofenaki, vidonge vya maumivu ya magoti, zimefungwa pamoja na ugoro. Anazinunua gulioni, mbili kila usiku. Zimesimamishwa kwa kuwa nazo huchangia kuvuja damu, sasa analalamika magoti.

Ni Alhamisi. Dada anakuja, ila kasema atakaa nje getini.